Jina la Kumficha Mtoto

Wiki tatu kabla ya Pasaka ya mwaka 1957, Mchungaji Sedekia alimwita Mwalimu Tusajigwe ofisini kwake, akamkumbusha jambo ambalo Tusajigwe alilijua kuliko mtu mwingine yeyote pale misheni. Mtoto wa mwalimu hubatizwa kabla hajatimiza miezi sita. Asipobatizwa, mzazi husimamishwa kushiriki meza ya Bwana. Mwalimu aliyesimamishwa hafundishi, na asiyefundisha hakai kwenye nyumba ya misheni. Mtoto wa Tusajigwe alikuwa na miezi mitano kasoro siku chache.

"Jina?" aliuliza Mchungaji, kalamu mkononi.

"Bado tunazungumza nyumbani."

"Mnazungumza tangu Novemba, Mwalimu."

"Nyumbani kwetu wasemaji ni wawili, na baba yake anayetakiwa kuamua yuko barabarani na magogo."

Mchungaji hakucheka. Jina alilijua. Kila mtu pale kilimani, juu kidogo ya mji wa Mbeya, alilijua. Mtoto aliitwa Jalala, na jina hilo halikuwemo kwenye orodha.

Orodha yenyewe ilikuwa imebandikwa mlangoni mwa ofisi, majina mia na arobaini, wanaume kushoto na wanawake kulia. Wino ulikuwa umeanza kufifia kwa ukungu lakini mwandiko ulisomeka vizuri, kwa kuwa ulikuwa mwandiko wa Tusajigwe.

Orodha hiyo aliiandika miaka miwili nyuma. Wakati huo darasa la pili lilikuwa na msichana aliyeitwa Simtaki. Baba yake alitaka mvulana, akapata binti wa tano, akamwandikia hasira zake mtoto mchanga. Kila asubuhi Tusajigwe alipoita majina, darasa zima lilisubiri lifike hilo, kisha mtu wa nyuma alijibu, "Hata sisi." Msichana akaacha shule. Palikuwa pia na mvulana aliyeitwa Kodi, aliyezaliwa siku baba yake alipokamatwa na askari wa jumbe, na mwingine aliyeitwa Lori kwa sababu alizaliwa ndani ya lori. Hao walicheka wenyewe na wenzao. Lakini Simtaki hakurudi, na Tusajigwe alisimama mbele ya baraza la kanisa, akasema: mtoto hachagui jina, na sisi tuliosoma tukimwacha mtu mzima aandike tusi kwenye cheti cha ubatizo, tumesoma ili iweje? Wazee walipiga makofi. Wakampa karatasi na wino aandike majina yanayofaa: ya Maandiko, na ya kikwetu yenye shukrani ndani yake. Aliandika jioni moja, mtoto wake wa pili akiwa amelala mgongoni.

Mtoto huyo aliitwa Sekela. Kwa Kinyakyusa ni kusema, furahi. Kabla yake alikuwepo kaka yake, Alinanuswe, Mungu yu pamoja nasi, aliyeondoka na surua akiwa anaanza kutembea. Sekela aliishi miezi saba. Kifua kilimbana siku ya Jumatatu, na Alhamisi wakamzika.

Ndipo Mama Kalinga alipokuja. Alikuwa mama wa mume wake, Mhehe wa Idodi, kule chini njia ya Ruaha. Alifika juu ya lori la mbao la mwanawe na debe la mtama na jembe lake mwenyewe, kana kwamba Mbeya hakuna majembe. Hakulaumu mtu. Alilima, akapika, akamwacha mkamwana wake afundishe na tumbo lake likue. Mtoto alipozaliwa, wa kiume, mzito, mwenye sauti, ndipo aliposema lake.

"Wa kwanza mlimwita Mungu yu pamoja nasi. Wa pili mkamwita Furahi. Mnapiga baragumu, halafu mnashangaa mgeni akija."

"Mama, Alinanuswe alikufa kwa surua. Surua iliua watoto kumi na wanane mwaka ule."

"Hao kumi na wanane waliitwaje?"

Tusajigwe alikuwa na cheti cha ualimu. Alimhamishia mtoto titi la pili.

Siku ya nane, kitovu kilipodondoka, Mama Kalinga alimviringisha mtoto kwenye gunia lililochakaa, akatoka naye, akamlaza nyuma ya nyumba kwenye jalala, juu ya majivu na maganda ya viazi. Tusajigwe alikuwa kitandani na dirisha lilikuwa wazi. Aliona yote. Angeweza kusimama. Alivuta blanketi mpaka kidevuni, akangoja.

Anayeokota lazima awe mtu wa nje, kwa hiyo alikuja Mwanakhamisi, mke wa Muhidini mwenye duka la vitambaa barabara ya kuingia mjini. Watu wa pwani na wao wanayajua mambo haya. Alipita kama mtu aliye na safari zake, akasimama.

"Mwenye nyumba," aliita. "Kuna kitu kimetupwa huku. Chako?"

"Si changu," alisema Mama Kalinga, mgongo umegeuka. "Nyumba hii haina mtoto."

"Basi nikikichukua hamtanidai?"

"Kichukue."

Mwanakhamisi alikiinua kile kitu, kikaanza kulia. "Mh. Kina kelele. Na mimi nina wanane. Nani ananunua?"

"Lete nikione. Kibaya hivyo, kitafaa kazi gani?"

"Kulinda kuku labda."

Wakabishana bei. Mama Kalinga alitoa konzi moja ya chumvi, Mwanakhamisi akaionja, akasema ina mchanga, akaipokea. Mtoto akarudi ndani akiwa kitu kilichookotwa, na jina lake likawa la mahali alipookotwa. Mwanakhamisi aliingia kumsalimia mzazi, akakaa kitandani.

"Usinune, shoga. Wangu wa nne ni Mashaka na leo anapiga mpira. Kifo kinapita kinauliza watoto wazuri wako wapi. Wewe mwambie hapa ni takataka tu."

Tangu siku hiyo nyumba ilikuwa na sheria. Mgeni asimsifu. Akisema mtoto amenenepa, bibi alijibu ni maji tu. Akiuliza ni wa nani, bibi alisema aliokotwa. Na mtoto alinenepa kweli. Mapaja yake yalikuwa na mikunjo mitatu mitatu, alicheka kila kitu, na mama yake akirudi kutoka shuleni alimkuta mgongoni mwa bibi yake ndani ya gunia lile lile, akiitwa Jalala kwa sauti tamu ambayo hakuna mtu angeitumia kwa takataka. Tusajigwe hakuamini jambo hili hata kidogo. Alichogundua ni kwamba, kwa miezi mitano, hakuwahi kumwita mwanawe jina lingine.

Sasa alirudi kwa Mchungaji mara ya pili, akiwa amejiandaa kama mtu anayekwenda kwenye mtihani.

"Yule nabii aliyeoa mwanamke mzinzi," alisema. "Mungu mwenyewe alimwagiza binti yake aitwe Asiyehurumiwa. Na mdogo wake, Si Watu Wangu. Leo akija hapa na watoto wake, utawarudisha mlangoni?"

"Yule alikuwa nabii."

"Na mimi ni mama."

"Nabii aliagizwa na Mungu, Mwalimu. Wewe umeagizwa na mama mkwe."

Tusajigwe alicheka bila kutaka. Mchungaji naye akalegea, akaweka kalamu chini.

"Nikuambie kitu. Mimi nilibatizwa nina miaka kumi na miwili. Kabla ya hapo nilikuwa na jina ambalo mke wangu halijui mpaka leo. Mama alilichagua kwa sababu hizo hizo za mama mkwe wako. Siku nilipolivua nililia kwa furaha."

"Waliokutangulia walikufa wangapi?"

"Wanne."

"Na wewe uliyeitwa vibaya ukabaki, ukafika umri wa kulivua."

Mchungaji alitazama dirishani. Mvua ilikuwa inakuja kutoka mlima Loleza. "Hiyo si hoja," alisema.

"Najua si hoja."

"Orodha si yangu. Ni ya baraza. Nikifungua mlango kwa Jalala wa mwalimu, kesho ataingia Simtaki wa pili, na baba yake ataniambia, mbona yule? Nitamjibu nini? Wewe ndiye uliyetufundisha kuuliza hivyo."

Tusajigwe aliaga, akatoka. Bado aliamini kila neno alilolisema siku ile mbele ya baraza. Akirudishwa pale leo angelisema tena, na bado angetaka mwanawe aachwe.

Jumamosi Kalinga alirudi kutoka Mafinga, nguo zinanuka utomvu wa misonobari. Alikuwa mtu mpole aliyeendesha lori kubwa, na nyumbani aliogopa wanawake wawili kwa kiasi kilicho sawa. Alikula, akamsikiliza mke wake, akatoka nje akamsikiliza mama yake, akarudi.

"Mmesemaje?" aliuliza Tusajigwe.

"Mama anasema kweli."

"Na mimi?"

"Na wewe unasema kweli."

"Kalinga, wewe ni baba yake."

"Ndiyo," alisema Kalinga, kwa huzuni. "Tukifukuzwa nyumba hii sijui nitawaweka wapi. Na mtoto huyu akienda kama wenzake, sijui nitakuweka wapi wewe. Mtakalokubaliana ninyi wawili, nami nimo."

Jumatatu alfajiri akaondoka na lori lake.

Aliyeipata njia, mwishowe, alikuwa Mama Kalinga. Alikuwa anachambua mtama kwenye ungo. "Huko kanisani wanaandika?"

"Wanaandika kwenye kitabu na kwenye cheti."

"Basi waandike wanachotaka. Karatasi haina mdomo. Ila wasilitamke kwa nguvu. Aliseme mchungaji kwa mtoto, kama mtu anayemwambia mwenzake siri, yaishe. Hapa nyumbani ni Jalala."

Tusajigwe alikimbia mpaka kwa Mchungaji na kanga moja. Mchungaji alifikiri, akasema maji hayahitaji kelele, atalisema kwa sauti ya chini. Wakachagua Timotheo, la saba kutoka chini upande wa kushoto. Kwa mara ya kwanza tangu Novemba Tusajigwe alilala usingizi mzima.

Jambo ambalo hakulifikiria ni wenzake.

Kwaya ya akina mama walikuwa ndio walioosha maiti ya Alinanuswe. Ndio waliolala sakafuni kwake wiki nzima alipokufa Sekela, wakampikia, wakamlazimisha kula. Hapakuwa na mwanamke pale kilimani aliyesubiri ubatizo huu kuliko wao. Mke wa Mchungaji aliliona jina kwenye meza ya mumewe, akawaambia, na wao kwa upendo wakatunga wimbo. Walifanya mazoezi chini, mashambani, mbali na shule, ili mwalimu asisikie.

Siku ya Pasaka kanisa lilijaa mpaka nje. Mchungaji alitimiza ahadi. Aliinama, akanong'ona kwenye sikio la mtoto, maji yakatiririka, mtoto akapiga chafya. Tusajigwe alikuwa amekwisha kugeuka arudi kwenye benchi. Ndipo sauti thelathini zilipopasua: Timotheo amekuja, Timotheo mzuri, Timotheo wa mama yake, na vigelegele juu yake, na ngoma, na waliokuwa nje wakauliza ni nani, wakaambiwa, wakapokea na wao. Jina lilitoka kanisani likaenda mpaka barabarani. Wanawake walikuwa wanalia. Mmoja alimnyakua mtoto akamwinua juu ya vichwa vya watu ili wote wamwone alivyonenepa.

Tusajigwe alisimama katikati yao. Ungewaambia nini watu kama hao? Alijaribu kuinua mkono, nao wakaudaka, wakacheza naye.

Alipotazama mlangoni, mama mkwe wake alikuwa ameshatoka.

Alimkuta nyumbani, ameketi jikoni. Gunia lilikuwa limefuliwa na kukunjwa vizuri juu ya kinu.

"Mama, sikujua. Naapa sikujua."

"Najua hukujua, mkamwana."

"Umelikunja la nini?"

"Nimfiche kwa nani tena? Wameshamtangaza."

Hakuwa na hasira. Hilo ndilo lililomtisha Tusajigwe. Afadhali angefoka. Aliendelea kumbeba mtoto, kumwogesha, kumlisha uji, lakini alimbeba kama mtu anavyobeba mtoto wa mgeni ambaye jioni atachukuliwa na wenyewe. Hakumwita tena Jalala. Hakumwita Timotheo. Alisema "wewe."

Wiki hiyo ya likizo Kalinga aliwachukua wote mpaka Chimala kumwonyesha mtoto kwa dada yake. Huko ni chini, joto, mashamba ya mpunga yamejaa maji, na mbu wa Chimala hawaombi ruhusa. Walilala siku mbili. Tusajigwe alimfunika mtoto kwa kanga zake zote, na asubuhi akahesabu alama nne shingoni.

Baada ya siku kumi na mbili, mtoto aliamka anawaka moto.

Tusajigwe alijua ni nini. Alikuwa akifundisha malaria darasa la nne kila mwaka, na picha ya mbu aliichora mwenyewe ubaoni, kichwa chini, mkia juu. Alijua siku za kuumwa na mbu, na siku za homa kujitokeza, na hesabu ililingana kabisa. Alimfunga mtoto mgongoni akashuka mlima kwenda zahanati, na njiani kichwa chake kilirudia hesabu hiyo, Chimala, mbu, siku kumi na mbili, lakini miguu yake ilikuwa ikikimbia kwenye wimbo wa kwaya. Nyuma yake, bila kuitwa, alisikia hatua za Mama Kalinga.

Dresa, mwuguzi wa zahanati, alimpima mtoto, akatikisa kichwa, akamchoma sindano ya kwinini. Mtoto alilia kidogo tu, na kilio kidogo ndicho kilichokuwa kibaya. Kisha dresa alikaa mezani, akafungua daftari.

"Jina la mtoto?"

Tusajigwe alifungua mdomo. Majina yote mawili yalikuwa pale. La kwanza lilikuwa limevunjwa nguvu na halikuwa na kazi tena, na la pili, akilitamka hapa, kwenye chumba chenye wagonjwa, angekuwa kama anaonyesha kwa kidole. Alijua kwamba ni upuuzi. Mdomo ulibaki wazi.

"Mwalimu. Jina."

"Andika mtoto wa Kalinga."

"Kalinga ana watoto wangapi?"

"Huyu."

Dresa alimtazama, akaandika, akaacha mstari wa jina mtupu. Akawaonyesha kitanda cha mwisho, karibu na dirisha. Mama Kalinga hakuingia. Alikaa nje chini ya dirisha, kwenye ukingo wa saruji uliofunikwa na paa, na baada ya muda akauliza bila kugeuka:

"Wamemwandika nani?"

"Hawajamwandika jina. Wameacha wazi."

"Waache hivyo hivyo."

"Nimewaacha, Mama."

Lilikuwa jambo la kwanza walilokubaliana mara moja tangu mtoto azaliwe. Wakakaa, mmoja ndani na mmoja nje. Saa nne, saa tano, saa sita. Tusajigwe alimlowesha mtoto kwa kitambaa cha maji, na kitambaa kilirudi cha moto. Dresa alikuja akapima, akasema homa haijapanda. Akaulizwa kama imeshuka, akasema haijapanda.

Saa saba alikuja Mchungaji Sedekia. Viatu vilijaa tope. Alikuwa ametembea mvuani bila kungoja ikatike. Alimshika Tusajigwe bega, akapiga magoti sakafuni pembeni ya kitanda, na wagonjwa wengine nao wakainamisha vichwa. Alikuwa mtu mwema, na kwa mgonjwa aliomba kwa sauti aliyotumia mimbarini, ili chumba kizima kisaidie.

"Ee Bwana, wewe unawajua walio wako kwa majina yao. Mtazame huyu Timotheo."

Tusajigwe alitaka kumgusa mkono. Mtu hamkatizi mchungaji katikati ya maombi.

"Timotheo, Bwana, uliyempokea juzi tu mbele ya kanisa lako."

Nje ya dirisha Mama Kalinga alikohoa. Kilikuwa kikohozi kikubwa, kikavu, cha mtu asiyeumwa kifua. Mchungaji aliinua sauti kidogo ili asikike.

"Mwinue Timotheo."

Mama Kalinga alikohoa tena, juu kabisa ya jina, akalifunika lote isipokuwa mwanzo wake. Na Mchungaji akapandisha tena. Alikuwa akimwombea mtoto kwa moyo wake wote, na kila mara alipofika kwenye jina alivuta pumzi, na yule mama wa nje alimsikia akivuta, akajiandaa.

Kisha pumzi za Mama Kalinga zikaisha. Alikuwa mzee. Kikohozi cha uongo kilikuwa kimemletea cha kweli, kikamkaba, na ndani Mchungaji alikuwa anavuta hewa.

Tusajigwe aliinama juu ya mtoto wake. Alikuwa na cheti cha ualimu cha daraja la pili. Alikuwa amefundisha mbu, surua, maji ya kuchemsha, na uongo wa waganga, miaka saba mfululizo.

"Mponye Timo—"

Tusajigwe akakohoa.

Alikohoa kwa nguvu zake zote, mpaka mgonjwa wa kitanda cha pili akainua kichwa. Mchungaji alifumbua jicho moja, akamtazama, akalifumba, akaendelea. Tusajigwe akakohoa tena. Chini ya mkono wake kifua cha mtoto kilikuwa kinapanda na kushuka haraka haraka, cha moto vile vile, na maombi yalikuwa bado marefu.